Robert Johnson, njia panda na ile hadithi ya kuuza roho

Msanii akitoka ghafla, jana alikuwa anaomba lifti na leo anaendesha gari lake, mtaani jibu huwa tayari: kajiunga na Freemason, kauza roho. Mbishi akitaka ushahidi hutumiwa kwenye WhatsApp video ya kijana Mweusi wa Marekani mwenye gitaa mkononi na sigara mdomoni, huku sauti nzito ikisimulia kwamba huyu ndiye aliyefungua njia. Alikwenda njia panda usiku wa manane, akamkabidhi shetani gitaa lake, akarudi fundi, akafa ana miaka 27.

Kijana huyo ni Robert Johnson. Jina ni la kweli, picha ni ya kweli, umri nao ni wa kweli. Yaliyobaki yanataka kuchambuliwa taratibu, maana humo ndani wamechanganywa watu wawili, nyimbo kadhaa, na maneno mengi yaliyoongezwa baada ya mwenyewe kuzikwa.

Tuanze na neno bluzi. Wengi wetu tukisikia bluzi tunakumbuka ule wakati wa disko taa zinapopunguzwa, wawili wawili wanashikana na muziki unakuwa wa pole. Hiyo ni bluzi ya ukumbini, na inaweza kuwa wimbo wowote wa mapenzi. Bluzi yenyewe ni muziki wa Waamerika Weusi wa kusini mwa Marekani, uliojitokeza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Inaweza kwenda polepole au mbio, ikawa ya majonzi au ya matusi. Kinachoitambulisha ni umbo lake.

Aliyepita kwaya na kujua do, re, mi atalielewa umbo hilo upesi. Beti moja ina vipande 12, kila kimoja mapigo manne. Chini yake zinazunguka kodi tatu tu (kodi za muziki, yaani noti zinazolia pamoja, si ile ya nyumba): ya do, ya fa na ya so. Vipande vinne vya kwanza ni do. Viwili ni fa, viwili do. Kisha kimoja so, kimoja fa, na viwili vya mwisho vinarudi do. Maneno nayo yana mpango: mstari unaimbwa, unarudiwa, halafu unakuja wa tatu wenye jibu. Mwimbaji anapofika kwenye mi na ti hazikalishi sawasawa. Anazilegeza, anazishusha kidogo, zinakaa katikati ya noti mbili za piano. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndiyo sababu bluzi hupendelea vyombo vinavyoweza kuteleza, kama koo la binadamu au gitaa lenye kipande cha chupa juu ya nyuzi.

Neno la pili ni Delta, maana bluzi ya Robert huitwa bluzi ya Delta. Sisi tukisema delta tunawaza Rufiji, mto unapogawanyika na kuingia baharini. Delta ya bluzi haiko baharini. Ni bonde tambarare kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia karibu na Memphis hadi Vicksburg, kilomita 300 na ushei. Udongo wake ni mweusi na wenye rutuba, na kazi ilikuwa pamba. Weusi wengi walilima kwa mtindo wa kugawana mavuno: ardhi, mbegu na nyumbu ni vya tajiri, jasho ni la mkulima, na duka la kukopea unga na viatu ni la tajiri yuleyule. Mwisho wa msimu hesabu ilipigwa na aliyeshika kalamu, na mkulima mara nyingi aliambiwa bado anadaiwa.

Kijana mwenye gitaa aliyeingiza fedha taslimu kwa usiku mmoja kwenye vilabu vya pombe vya mashambani alikuwa ameukwepa mzunguko huo. Kanisani aliitwa mtu wa shetani. Msamiati huo si mgeni kwetu, tunaogawa nyimbo kuwa za injili na za kidunia. Wakati ule mwimbaji wa bluzi aliitwa "mtu wa shetani" hata kama hajawahi kukaribia njia panda yoyote.

Robert alizaliwa Hazlehurst, kusini mwa Mississippi, na tarehe inayokubaliwa na wengi ni 8 Mei 1911. Mama yake, Julia, alikuwa ameolewa na Charles Dodds, fundi wa samani mwenye kipato, ambaye alilazimika kukimbilia Memphis kuwaepuka wazungu waliotaka kumuua. Huko akabadili jina, akaitwa Spencer. Baba mzazi wa Robert alikuwa mwanamume mwingine, Noah Johnson. Sehemu ya utoto wake Robert aliishi mjini Memphis na familia ya Spencer, akasoma shule, akasikia muziki wa mjini. Baadaye alirudi kwa mama yake mashambani, karibu na Robinsonville. Kwa hiyo ile sura ya mshamba asiyejua kitu, aliyeibuka matopeni na kipaji cha ajabu, inaanza kupwaya mapema.

Mwaka 1929 alimwoa Virginia Travis. Mwaka uliofuata Virginia alifariki wakati wa kujifungua. Mwaka huohuo 1930 mpiga gitaa Son House alihamia Robinsonville, na maneno yake ndiyo mzizi wa hadithi yote. Alisimulia kwamba kijana Robert alijua kinanda cha mdomo, lakini gitaa lilimshinda. Wapigaji wakubwa wakipumzika analichukua, anapiga makelele, wateja wanalalamika. Kisha akatoweka. Aliporudi akaomba nafasi, akapiga, na wakubwa wakabaki midomo wazi.

Video za mitandaoni zinapenda kusema alitoweka wiki chache, au usiku mmoja. Ukipanga matukio ya maisha yake unapata mwaka mmoja hadi miwili, na huhitaji kubahatisha alikuwa wapi. Alirudi kusini, eneo la Hazlehurst alikozaliwa, akakaa karibu na mpiga gitaa mkubwa kwake kwa umri, Ike Zimmerman. Familia ya Zimmerman ilikuja kueleza wazi: Robert aliishi nao na mzee alimfundisha. Usiku wawili hao walikwenda makaburini na magitaa yao. Waliokusudia kukuza hadithi wamelishika kaburi na kuliacha somo. Nyumba ina watoto wanaolala, majirani wana kazi alfajiri, na makaburini hakuna anayelalamika ukirudia kipande kimoja mara mia.

Tupige hesabu ya kukadiria. Mtu akifanya mazoezi saa nne kwa siku kwa miezi 18, amekaa na gitaa zaidi ya saa 2,000, tena akiwa na mwalimu pembeni. Mpeleke kijana yeyote mwenye sikio zuri kwa fundi wa gitaa kwa muda huo, umrudishe kijijini kwao, uone kama watamtambua.

Sasa shetani alitoka wapi? Alitoka kwa Johnson mwingine. Tommy Johnson, aliyerekodi Memphis mwaka 1928, miaka minane kabla ya Robert, ndiye aliyetangaza kwamba amepata ufundi njia panda. Maelezo yake, yaliyohifadhiwa na kaka yake LeDell, ni kama maelekezo ya mganga: nenda na gitaa kabla kidogo ya saa sita usiku, piga peke yako, atakuja mtu mkubwa mweusi, atalichukua, atalityuni, atapiga wimbo mmoja na kukurudishia. Tommy na Robert hawakuwa ndugu. Waliunganishwa na jina la ukoo tu, na hao hawakuwa peke yao: alikuwepo Lonnie Johnson, nyota wa mjini ambaye Robert alimwiga katika baadhi ya nyimbo, na Blind Willie Johnson, aliyeimba nyimbo za dini na ambaye sauti yake ilipelekwa angani kwenye chombo cha Voyager mwaka 1977. Sifa hiyo ya Voyager nayo hupewa Robert kimakosa.

Hata yule mtu wa njia panda hakuanza akiwa shetani wa Biblia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya njia panda: ndiko nazi huvunjwa, ndiko vitu vya mganga huachwa, na mtoto hukatazwa kuokota yai alilolikuta pale. Afrika Magharibi, walikotoka wengi wa mababu wa Weusi wa Marekani, Wayoruba wana Eshu na Wafon wana Legba, mlinzi wa njia na mfungua milango. Imani kwamba njia panda inafundisha ufundi, uwe wa banjo, wa kucheza dansi au wa kurusha dadu, ilikuwepo kusini mwa Marekani bila kumtegemea Robert. Ukristo ukambandika mlinzi huyo pembe na mkia.

Jina la Robert liliingizwa kwa maandishi mwaka 1966, mwandishi Pete Welding alipochapisha maneno aliyosema ni ya Son House, kwamba kijana yule lazima aliuza roho. Robert alikuwa amekufa miaka 28. Mwaka 1986 ikaja filamu ya Hollywood, na baada ya hapo ikawa vigumu kumtaja bila shetani wake. Mjini Clarksdale wameweka magitaa makubwa kwenye makutano ya barabara za 61 na 49, na watalii wanapiga picha. Hakuna mstari hata mmoja wa Robert unaoyataja makutano hayo.

Ni kweli aliimba kuhusu shetani katika "Me and the Devil Blues" na mbwa wa kuzimu katika "Hellhound on My Trail". Lakini hiyo ilikuwa biashara ya kawaida. Mwimbaji maarufu zaidi yake wakati ule, Peetie Wheatstraw, alijitangaza kama mkwe wa shetani, na sahani zake za santuri zikauzwa.

Tuje kwenye kile alichokifanya kwa vidole, maana hapa ndipo mshangao wa kweli ulipo. Fikiria bendi ya muziki wa dansi yenye magitaa matatu: la solo, la ridhimu na la besi. Robert alizipiga kazi hizo tatu kwa gitaa moja, na juu yake akaimba. Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya Rolling Stones, aliposikia sahani yake mara ya kwanza aliuliza ni nani huyo mwingine anayepiga naye. Hakukuwa na mwingine. Aliyewahi kumsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, dole gumba likitembea chini na kidole cha shahada kikiimba juu, anaujua mshangao huo, ingawa wawili hao kila mmoja alifika kwa njia yake.

Ukitaka kuonja, shika gitaa lililotyuniwa kawaida. Waya wa sita, ule mnene wa juu kabisa mkononi, uache wazi. Kidole cha shahada kiweke kwenye waya wa tano, freti ya pili, freti ni vile vichuma vilivyolala shingoni. Piga nyaya hizo mbili pamoja mara mbili. Sasa, bila kuondoa kidole hicho, nyoosha cha pete hadi freti ya nne ya waya huohuo, piga mara mbili. Rudi. Hiyo ndiyo besi inayotembea ya kodi ya E. Kwa kodi ya A hamishia mchezo uleule kwenye waya wa tano na wa nne. Wapiga piano walikuwa nayo kwa mkono wa kushoto, na Robert ni miongoni mwa waliofanikiwa kuihamishia kwenye gitaa kiasi kwamba ikawa mali ya wote. Isikie katika "Sweet Home Chicago", kisha sikiliza rokenroli ya miaka ya 1950: ni ileile, imewekewa ngoma.

Wanaoanza hukosea mahali pawili. Kwanza wanapiga mapigo yakiwa sawasawa, kama saa ya ukutani, wakati yanatakiwa kuchechemea: refu, fupi, refu, fupi. Pili wanaziachia nyaya nene zilie zitakavyo, zinafunika kila kitu. Egesha ubavu wa kiganja cha kulia karibu na daraja la gitaa, sauti ipungue iwe kama kishindo cha mguu.

Kwa nyimbo za kuteleza alibadili tyuni. Moja aliyoitumia sana inapatikana kwa kushusha waya wa sita, wa tano na wa kwanza toni moja kila mmoja, ili gitaa lote likipigwa wazi litoe kodi ya G. Ukibana kibanio (capo, kifaa kinachobana nyaya zote kwa pamoja) freti ya pili inakuwa A. Wapo wanaofika A kwa kuvuta nyaya juu badala ya kushusha. Shingo ya gitaa inalemewa na nyaya zinakatika, kwa hiyo shusha halafu bana. Kipande cha shingo ya chupa kinavaliwa kidole kidogo na kuguswa waya juu ya kichuma chenyewe. Kikikaa katikati ya vichuma viwili noti inakuwa ya chini, na msikilizaji anajua kuna kitu hakijakaa hata kama hajui ni nini. Usikandamize. Na vidole vilivyo nyuma ya chupa vilale kidogo juu ya nyaya, la sivyo zitatoa mlio wa bati.

Yote aliyorekodi yalifanyika kwa siku tano. Novemba 1936, tarehe 23, 26 na 27, katika hoteli ya Gunter mjini San Antonio, Texas. Kisha 19 na 20 Juni 1937 mjini Dallas, jengo namba 508 barabara ya Park. Nyimbo ni 29. Mashine ilichonga sauti moja kwa moja kwenye sahani laini ya nta, hakuna kukata wala kuunganisha. Ukikosea unaanza upya. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kwa upande, ndiyo maana nyimbo zake zinaishia hapo. Msimamizi Don Law alisimulia kwamba Robert alipiga akiwa ameugeukia ukuta, akadhani ni haya. Mpiga gitaa Ry Cooder ana maelezo mengine, na mimi naegemea kwake: ukikaa ukitazama kona, kuta zinakurudishia sauti na gitaa linasikika limejaa. Inawezekana pia hakutaka wenzake waibe vidole vyake.

Kuna uvumi wa kisasa unaosema sahani hizo ziliharakishwa kwa asilimia 20, na sauti yake halisi ilikuwa nzito. Asilimia 20 si kitu kidogo. Inapandisha sauti zaidi ya nusu-toni tatu. Ili iwe kweli, mitambo ya miji miwili, miezi saba kati yake, iwe imekosea kwa kipimo kilekile, na wanamuziki wa Kimexico waliorekodiwa San Antonio siku hizohizo nao wawe wameharakishwa.

Kumwita baba wa bluzi nako ni kupitiliza. Mamie Smith alirekodi bluzi mwaka 1920. Ma Rainey na Bessie Smith walijaza kumbi katika muongo huo, Blind Lemon Jefferson akafuata na gitaa lake, kisha Charley Patton. Robert alikuja mwisho wa foleni, na wimbo wake uliouzwa kuliko nyingine, "Terraplane Blues", aliouita kwa jina la gari, ulifika maelfu tu. Faida yake ilikuwa kuchelewa: alikuta sahani za wote, akazisikiliza, akachagua. Johnny Shines, aliyesafiri naye, alieleza kwamba alipiga chochote mteja alichotaka, hadi nyimbo za redioni na polka. Mpiga gitaa Elmore James alichukua wimbo wa Robert, "Dust My Broom", mwaka 1951 akaupa umeme. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ikakusanya nyimbo za Robert kwenye santuri moja, ikafika Uingereza, ikawakuta wapiga gitaa kina Eric Clapton na Keith Richards wakiwa vijana. Umaarufu tunaoujua unaanzia kwenye santuri hiyo.

Alikufa 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood, Mississippi, baada ya kuugua kwa siku kadhaa. Waliokuwepo walisema alitiliwa sumu kwenye pombe kwa sababu ya mwanamke. Strikinini, sumu inayotajwa sana, ni chungu mno na huua kwa saa, si kwa siku, hivyo kama ni sumu huenda ilikuwa nyingine. Cheti chake cha kifo kilipatikana mwaka 1968. Palipotakiwa kuandikwa sababu ya kifo pameandikwa kwamba hakukuwa na daktari. Mawe ya kaburi yapo matatu, makanisa matatu tofauti. Desemba 1938, miezi minne baada ya kifo, mtayarishaji wa muziki John Hammond alitaka kumpandisha jukwaani Carnegie Hall, New York. Alipoambiwa amefariki, alimwita mwimbaji mwingine wa bluzi, Big Bill Broonzy, na kuwapigia wasikilizaji sahani mbili za Robert kwenye jukwaa tupu. Kuhusu ile "kilabu ya miaka 27", yaani orodha ya wanamuziki maarufu waliokufa na umri huo, alisajiliwa marehemu, baada ya Hendrix, Joplin, Morrison na hasa Cobain mwaka 1994.

Ukiwa na dakika tatu, tafuta "Cross Road Blues", wimbo wenyewe unaosingiziwa. Usichukue toleo la bendi ya Cream la 1968, ambalo limeingiza ubeti kutoka wimbo mwingine. Sikiliza la kwake. Mtu amepiga magoti njia panda anamwomba Mungu amhurumie. Anapungia magari lifti, hakuna anayesimama wala anayemjua. Jua linazama, na huko Mississippi ya miaka hiyo Mweusi kukutwa na giza barabarani katika sehemu asiyojulikana kuliweza kumgharimu maisha. Shetani hatajwi. Mwishoni anamwagiza mtu akimbie amwambie rafiki yake, Willie Brown, kwamba yuko njia panda na anazama. Willie Brown alikuwa mpiga gitaa wa kweli, mmoja wa wale wakubwa wa Robinsonville waliomfukuza asiguse magitaa yao.